Kuvua na kurejesha vibao vya boti ya zamani: anza na skrubu, rangi itafuata

Ndugu, umeeleza kwamba umenunua boti ya fiba iliyoundwa Marekani mwaka 1986, kwamba mbavuni ina vibao viwili vya chuma vyenye jina kwa herufi zilizoinuka, na kwamba kibao cha muundaji kilichoko kwenye shetri, yaani upande wa nyuma wa boti, hakisomeki tena. Unataka kuvivua, kuvisafisha na kuvirudisha bila kuvivunja. Nimeifanya kazi hiyo kwa boti kadhaa hapa Mombasa, zangu na za watu wengine, na vibao vingi vilivyonifikia vikiwa vimeharibika kabisa vilipindwa siku ya kuvuliwa, baada ya kuistahimili bahari kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye kuvua.

Kabla ya yote, tenga kile kisichoguswa. Boti za Marekani zina namba ya utambulisho wa bodi, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo huwekwa upande wa kulia wa shetri, karibu na ukingo wa juu. Sheria hiyo ilianza mwaka 1972, na tangu Agosti 1984 nakala ya pili huwekwa mahali pa siri ndani ya boti. Namba hiyo isivuliwe, isipigwe msasa wala kufunikwa kwa rangi, kwa maana ndiyo itakayoitambulisha boti yako siku ya usajili au ya kuuza. Vibao vingine vipige picha, kisha weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli kwa ubapa mpaka herufi zijitokeze. Ukilazimika kuchongesha kibao kipya, karatasi hiyo itamfaa mchongaji kuliko picha.

Chungulia pia upande wa ndani, nyuma ya ubao wa bitana. Baadhi ya vibao havikushikwa kwa skrubu za mbele bali kwa vijiti vilivyotokeza ndani na kufungwa kwa nati, na anayekichokonoa kibao cha namna hiyo kutoka nje hukikunja kabla hakijalegea hata kidogo.

Ikiwa zipo skrubu za shaba ya manjano, zitazame rangi. Maji ya chumvi huila zinki iliyomo ndani yake, na skrubu iliyofikia hapo huwa na wekundu wa waridi na hukatika kwa nguvu ndogo tu. Ondoa rangi na uchafu kwenye mfuo wa kichwa kwa ncha ya msumari, tafuta bisibisi inayojaza mfuo huo barabara, kisha ugusishe pasi ya kulehemu kwenye kichwa cha skrubu kwa dakika moja au mbili. Joto hushuka kwenye shina na kulainisha sili ya zamani, ile gundi laini ya kuzuia maji. Ianze kwa kuikaza kidogo sana, halafu ndipo uilegeze. Ikikatika, usihangaike kuichimbua ovyo; zungushia kipande cha bomba jembamba lenye meno, toa kisiki pamoja na fiba kidogo, kisha ujaze tundu kwa epoksi, gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu, iliyotiwa unga wa kuifanya nzito na utoboe upya.

Kibao kilichobandikwa kwa gundi kipashwe kwa mashine ya kukaushia nywele, ambayo inatosha kabisa. Bunduki ya hewa moto huweza kuivimbisha jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa juu ya fiba. Kikishika joto, pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake na uuvute huku na huku, kama muuza duka anavyokata mche wa sabuni kwa uzi. Kibao kitatoka kikiwa kimenyooka. Mabaki ya gundi yatolewe kwa kipande cha plastiki na spiriti nyeupe.

Sasa geuza kibao na ukwaruze mgongo wake mahali padogo. Ukiona manjano, ni shaba. Kikiwa chepesi na cheupe, ni alumini. Kikiwa kizito na cha kijivu chini ya kromu, ni aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine. Jibu hilo ndilo linaloamua dawa. Shaba huvumilia ukwaju au ndimu na chumvi, mradi uisuuze kwa maji ya bomba na kuikausha mara moja. Alumini isikaribiane na dawa za kuzibulia mifereji wala za kusafishia oveni, kwa kuwa magadi makali yaliyomo huila pamoja na ngozi yake ya kinga. Aloi ya zinki huoshwa kwa sabuni tu, na kama kromu imeshatokwa na malengelenge, hakuna msasa utakaoirudisha. Ni kuichovya kromu upya au kuipaka rangi na kuridhika. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ziache jikoni, kwa sababu chembe zake hubaki kwenye mikwaruzo na kuota kutu.

Kwa herufi zako zilizoinuka, paka kibao chote, herufi na mandhari yake, kwa rangi ya mafuta juu ya praima inayofaa chuma chenyewe. Alumini ipakwe praima mara tu baada ya kupigwa msasa, kwani hujivika oksidi upesi. Rangi ikikauka vizuri, tandaza msasa namba 600 juu ya kioo, uloweshe, kisha usugue kibao kikiwa kimelala kifudifudi. Kioo hakipindi, kwa hiyo msasa hugusa vilele vya herufi pekee na kingo zake hubaki kali. Endelea kwa namba 1000, halafu 1500.

Kuhusu vanishi, vibao vya nje vya shaba mimi sivipaki. Ikikwaruzwa mahali pamoja, chumvi huingia chini yake na kuacha madoa ya kahawia ambayo hayaondoki mpaka uivue yote. Nta na kitambaa vinatosha. Vanishi inafaa kibao kinachokaa ndani ya kibanda, na hapo vaa glavu baada ya kukifuta kwa asetoni, kwa sababu alama za vidole hujitokeza baadaye.

Wakati wa kurudisha, panua kidogo midomo ya matundu ili jelikoti isipasuke, na utumie sili ya butili au ya polisulfaidi. Hii ya pili isiguse vibao vya plastiki. Silikoni yenye harufu ya siki huila shaba, na gundi kali za poliurethani zitamfanya atakayevua tena akulaani. Alumini na skrubu za stenlesi huliana penye chumvi mpaka unga mweupe utokeze, kwa hiyo tia washa za nailoni na upake sili kwenye shina la kila skrubu. Kaza kwa mkono mpaka sili ichomoze pande zote, uiache ishike, kisha umalizie kwa robo mzunguko.