Maswali Yenu: Saundikadi ya bei rahisi, hesabu maiki kwanza

Safari hii maswali yamekuja mengi ya vile vijisanduku vya USB vya kuchomekea maiki kwenye laptopu ama simu ukarekodi uko nyumbani. Kuna wanaoviita intafesi, mimi nafuata jina la dukani, saundikadi. Nimechukua machache yanayogusa watu wengi.

SWALI: Assalaam aleikum. Sisi ni vijana wa Lamu, twasoma qasida, tuna mpiga udi mmoja na matari manne. Twataka kurekodi wenyewe nyumbani tuwe na kitu cha kutia mtandaoni kabla ya Maulidi. Tuna laptopu ya Windows na maiki moja ya Shure SM58. Tumeona Scarlett Solo na tumeona Behringer UM2 ambayo ni rahisi zaidi, na mwenzetu mmoja ashikilia kwamba bila ya ile inayofika kilohezi 192 tutakua twajisumbua. Tununue ipi?
Vijana wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam wanangu. Msikimbilie jina, hesabuni kwanza ni maiki ngapi zitakua wazi kwa wakati mmoja. Solo na UM2 zote zina sehemu mbili za kuingizia sauti na hapo ndo watu hunaswa, manake maiki inaingia moja tu, ile sehemu ya pili ni ya gitaa au ala yoyote yenye pikapu, yaani kinasa sauti kilichofungwa kwenye ala yenyewe. Kama udi wenu hauna pikapu basi tundu la pili litakaa bure na msomaji na mpiga udi watagombania maiki moja. Udi ukiwa na pikapu hapo sawa, hata UM2 itawatosha, sauti tundu la kwanza udi la pili, na kwenye programu ya kurekodia kila kimoja kinaingia kwa njia yake mnaweza kupandisha hiki na kushusha kile baadae.

Bila pikapu tafuteni ya maiki mbili. Kwa bei za chini kuna M-Audio M-Track Duo, kuna Behringer UMC202HD, halafu Scarlett 2i2 ambayo ni nzuri lakini bei imepanda juu. Mimi ningechukua UMC202HD, ile pesa inayobaki mkanunua maiki ya pili na stendi, kwa sababu 2i2 yenye maiki moja haiwafai kitu nyinyi.

Hiyo 192, yaani sauti kupimwa mara elfu 192 kwa sekunde, mwambieni mwenzenu apoe. CD ni biti 16 (ukubwa wa namba inayoandika kila kipimo) na kilohezi 44.1, na watu wamezisikiliza miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika. Rekodini kwa 48 basi, ukiweka 192 faili linakua kubwa mara nne na laptopu inaanza kuhema. Chenye faida ya kweli ni biti 24, ambazo UMC202HD na Scarlett zinazo na UM2 na M-Track Duo hazina, hizo mbili ni biti 16. Ukiwa na 24 unaweza kurekodi sauti ikiwa chini kiasi, ukaacha nafasi pale matari yanapopamba moto, kisha ukaipandisha baadae bila kuleta kelele ya shhh nyuma. Na 16 pia yarekodi vizuri tu, ila mkono wako kwenye geini, kile kifundo cha kuongeza nguvu ya maiki, lazima uwe mwangalifu zaidi.

Sasa matari. Najua mtataka kila tari na maiki yake, hapana. Matari yana sauti kali, yatapenya kwenye kila maiki iliyo wazi mtake msitake, kwa hivyo wapigaji warudi nyuma, msomaji asogee karibu na maiki yake kadiri ya shubiri moja, udi na maiki yake karibu vilevile. Rekodini dakika moja, msikilize, matari yakizidi wapigaji wasogee nyuma tena. Kushusha geini hakusaidii hapo manake unashusha na sauti ya msomaji pamoja nayo, ni umbali ndo unaopanga nani asikike mbele. Kuna watakaowaambia mrekodi udi na sauti kwanza halafu matari yaje juu yake na hedifoni, inawezekana, lakini kwa qasida mimi siipendi, wapigaji wanakosa kumtizama msomaji na ile kuitikiana inakufa.

Chumba nacho kina maneno. Hizi nyumba za zamani za Lamu vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti, na kuta ni za mawe ya matumbawe na lipu ngumu, ukipiga kofi unasikia inagonga huku na huku. Zile zidaka za ukutani zinavunja mwangwi kidogo lakini hazitoshi. Simamisheni magodoro mawili nyuma ya msomaji, manake maiki ya SM58 inapokea zaidi ya mbele yake na huko mbele ndo ukuta wa nyuma ya msomaji unakorudisha sauti. Mkeka wa chini hausaidii sana, ni mwembamba. Na msiibadilishe hiyo SM58 eti mtafute kondensa, ile maiki inayodaka kila kitu na inayotaka umeme. SM58 ni maiki ya dainamiki, haitaki umeme, inatengenezwa tangu 1966, inachukua kilicho karibu na kuacha vya mbali, na nyinyi mna punda nje ya dirisha na injini za boti ufukoni. Kondensa kwa udi peke yake inapendeza, hiyo sikatai. Ikiwa hivyo mtawasha 48V, ule umeme wa volti 48 ambao saundikadi inaulisha maiki, na kwenye UMC202HD swichi ni moja kwa matundu yote mawili, lakini SM58 haidhuriki alimradi waya ni wa XLR, ule wa pini tatu, na ni mzima.

SWALI: Mimi sina laptopu, natumia simu ya Android. Nasoma hadithi za watoto na matangazo ya biashara za watu. Niliuziwa saundikadi ya V8 pamoja na maiki ya BM-800, sauti inatoka chini halafu inavuma. Niongeze pesa ngapi nipate saundikadi ya maana?
Dada wa Muyeye, Malindi

JIBU: Dada yangu, usinunue saundikadi. V8 ni ya watu wa kwenda laivu, ndo maana imejaa vibonyezo vya makofi na vicheko, na BM-800 ni kondensa inayotaka volti 48, sasa kwa ule waya wa jeki ndogo inapata volti chache tu, hapo itatoa wapi sauti? Wewe uko peke yako, una mdomo mmoja na simu moja. Tafuta maiki ya USB moja kwa moja, kama Samson Q2U, ambayo ina USB na XLR zote mbili, leo unachomeka kwa simu na adapta ya OTG, ile ya kuchomekea kifaa cha USB kwenye simu, siku ukipata laptopu na saundikadi inaingia huko pia hujatupa pesa.

Kama umeshaikazania saundikadi, M-Track Solo ama UM2 zinatosha. Android imeanza kukubali vifaa vya sauti vya USB tangu toleo la 5 la mwaka 2014, ila simu hazifanani, kwa hivyo nenda dukani na simu yako na OTG yako uijaribu kabla hujalipa. Shida kubwa ni umeme, manake simu ndo inailisha saundikadi, na ukiwasha 48V simu nyingine zinagoma au betri inateremka unaiona. Dawa yake ni habu ya USB (kigawanyio cha matundu) yenye umeme wake, ukailisha kwa pawabenki, saundikadi ikachomekwa kwenye habu. Ona sasa waya zilivyokua nyingi kwa kusoma hadithi tu.

SWALI: Nina UM2 na Windows. Nikiimba na hedifoni nasikia sauti yangu imechelewa, napoteza mdundo. Ni mbovu?
Msanii chipukizi, Malindi

JIBU: Nzima hiyo. Bonyeza kile kitufe cha direct monitor, utajisikia moja kwa moja kabla sauti haijazunguka kwenye laptopu, na kwenye programu nyamazisha ile njia unayorekodi usijisikie mara mbili. Kisha weka ASIO4ALL, ni dereva ya bure ya kupunguza kuchelewa, uichague kwenye programu yako. Bafa ni kile kiasi cha sauti laptopu inachokusanya kabla ya kuishughulikia, na bafa ya 512 kwa kilohezi 48 ni karibu milisekunde 11 kwenda tu bado kurudi, ukishuka 128 ni kama 2.7, lakini laptopu dhaifu itaanza kukatakata, jaribu 256. Hedifoni za bluetooth weka kando kabisa. Na ukisikia mngurumo chomoa chaja, rekodi kwa betri.

SWALI: Nimepata Scarlett 2i2 ya mkono wa pili, mwenyewe anaishi karibu na bahari. Niangalie nini?
Mkaazi wa Shela, Lamu

JIBU: Matundu. Hewa ya chumvi inakula vyuma, ukiona kutu ya kijani kwenye XLR au jeki punguza bei ama ondoka. Nenda na laptopu, maiki na hedifoni, jaribu tundu la kwanza na la pili, zungusha kila kifundo polepole ukisikiliza kama kinakwaruza, washa 48V na kondensa ikiwa unaweza kuazima, halafu tikisa waya wa USB kidogo uone kama inakata. Muulize pia kama ameitoa kwenye akaunti yake ya Focusrite, ndo watengenezaji wa Scarlett, manake usajili ukibaki kwake zile programu za bure hutazipata. Ukishainunua iwe inalala kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu.