Wakala ameomba ruhusa, mbona hasubiri?

SWALI: Kampuni yetu ya utalii hapa Sakina, Arusha, ina wakala wa akili mnemba anayepanga safari. Akiomba ruhusa ya kuingia kwenye kalenda ya bosi, bosi anatumiwa msimbo, na kabla hajauandika anatumiwa mwingine. Kwa nini?

JIBU: Yaelekea programu yenu inadhani kusubiri ni kosa. Katika utaratibu wa RFC 8628 (hati ya viwango vya intaneti) wa mwaka 2019, seva inayosimamia ruhusa hutoa misimbo miwili: mfupi wa bosi kuandika kwenye simu, na mrefu wa wakala kuulizia hali ya ombi. Bosi asipokuwa amekubali, jibu huwa "authorization_pending" (ruhusa bado inasubiriwa), lakini huja na namba 400, ileile ya makosa. Programu ikitazama namba tu, inaanza ombi jipya. Isome neno lenyewe.

Muda kati ya ulizo na ulizo hupangwa na seva. Isipoutaja, ni sekunde 5. Ikija "slow_down" (punguza kasi), ongeza sekunde 5, na nyongeza ibaki hadi mwisho. Wengi huiongeza mara moja tu kisha wanarudi palepale, halafu wanailaumu seva! Mtandao ukikatika, ongezeni muda maradufu kila jaribio.

Jibu "access_denied" ni hapana, wakala aache. Jibu "expired_token" ni muda wa msimbo kuisha, labda bosi yuko Tarangire bila mtandao. Hapo msianze upya kimyakimya; msubirini aombe mwenyewe. Msimbo mrefu uhifadhiwe kwenye hifadhidata, la sivyo seva yenu inayoendesha wakala ikizimwa na kuwashwa, ombi limepotea.