GTX 1080 Ti iliyotumika au RTX 3060?

Ndugu, umeuliza iwapo ununue kadi ya michoro (graphics card) ya GTX 1080 Ti iliyotumika uliyoiona Luthuli Avenue, Nairobi, au uongeze pesa upate RTX 3060, ilhali kazi yako ni kuhariri video na kucheza michezo jioni. Kwa nguvu tupu ya michezo, kadi hizi hazipishani sana, ingawa ya kwanza ilitoka mwaka 2017 na ya pili 2021. Tena ile kongwe husafirisha data ya kumbukumbu yake kwa gigabaiti 484 kwa sekunde, dhidi ya 360 za mwenzake. Wauzaji wengi huishia hapo.

Wasichokwambia ni kwamba 1080 Ti hula hadi wati 250 pale ambapo 3060 hutosheka na 170, na anayenunua tokeni za umeme kila wiki ataihisi tofauti hiyo, mbali na joto na pawasaplai kubwa zaidi itakayohitajika. Isitoshe, 3060 husoma video za AV1 (mfumo mpya wa kubana video) bila kuielemea prosesa, na inatumia DLSS, teknolojia ya kuongeza kasi ya michezo kwa akili mnemba, ambayo 1080 Ti haina kabisa.

Mimi ningechukua 3060, lakini hakikisha ni ile yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12, kwa maana ipo nyingine ya 8 yenye jina lilelile na mwendo wa chini. Ukishindwa na bei ukarudi kwa 1080 Ti, muuzaji aiwashe na kuitumikisha nusu saa mbele yako kabla hujalipa.