Maswali na Majibu ya Fundi: Masika, Kaskazi na Chumvi ya Pantoni

SWALI: Shikamoo, fundi. Ninaishi Mjimwema na ninafanya kazi ofisini, karibu na Posta, katikati ya Dar es Salaam. Huu ni mwaka wa tatu ninaendesha baiskeli hadi kivukoni Kigamboni, ninavuka nayo kwa pantoni, kisha ninamalizia safari upande wa mjini. Jumla ni kama kilomita 9 kwenda na nyingine 9 kurudi. Baiskeli yangu ni ya chuma, inchi 28, yenye breki za fito. Kila masika cheni hushika kutu, na nimeshabadilisha mbili. Jirani ananishauri niimwagie oili chafu ya gari kabla ya kila mvua. Je, ni sahihi? Pili, rimu zikilowa breki hazishiki kabisa. Je, ninunue rimu za alumini? Tatu, wakati wa kaskazi tairi zimenipasukia mara mbili nikiwa nimeegesha juani, na watu wananiambia nipunguze upepo. Nne, pedeli inapozunguka inatoa mlio wa "tak" ambao unazidi kila wiki. (Msomaji, Mjimwema)

JIBU: Marahaba. Swali lako la kwanza ndilo lenye mzigo mkubwa, nami nitakaa nalo zaidi kwa sababu unaisingizia mvua kosa ambalo si lake. Kinachoila cheni yako ni chumvi. Kila asubuhi na kila jioni unasimama na baiskeli kwenye pantoni, na upepo unairushia unyunyu wa bahari mwembamba kiasi kwamba huuoni. Maji yake hukauka kabla hujafika Posta, lakini chumvi inabaki juu ya chuma. Kila mwenye jiko hapa Pwani anaijua tabia ya chumvi: usiku wa unyevu hunyonya maji ya hewani hadi kikopo kikatota. Chumvi ya kawaida huanza kufanya hivyo unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, na ya bahari, kwa kuwa imechanganyika na chumvi za magnesi, huanza mapema zaidi. Usiku wa Dar es Salaam hukipita kiwango hicho mara nyingi, hata katika miezi isiyo na mvua. Kwa hiyo baiskeli uliyoilaza sebuleni ukiamini umeikinga hukesha imelowa maji ya chumvi yaliyojitengeneza palepale juu ya chuma chake. Kutu inaanza Januari. Wewe unakuja kuiona Aprili, ukadhani imeletwa na masika.

Mvua yenyewe ni maji baridi, yasiyo na chumvi, na kwa mtu wa pantoni ni msaada. Nilipokuwa nikivuka kila siku kama wewe, mvua nzuri ya jioni ikinyesha nilikuwa naiacha baiskeli uani kwa muda, kisha nikaiingiza ndani na kuifuta. Majirani walinicheka, na baiskeli ile bado inatembea.

Siku ambazo hakuna mvua, fanya kazi hiyo wewe mwenyewe angalau mara mbili kwa wiki, na katika miezi ya upepo mkali kila jioni ukiweza. Lita 2 za maji zinatosha. Usirushe maji kwa nguvu ya bomba kuelekea kwenye vitovu vya magurudumu wala ekseli ya pedeli, kwa sababu humo ndimo gololi zinamokaa na grisi yake husukumwa nje. Mwaga polepole kutoka juu, ukilenga cheni, viungo vya fito za breki, na mahali kila spoku inapoingia kwenye rimu. Halafu futa kwa tambara kavu. Hapa nina angalizo moja la watu wa Kigamboni: visima vingi vya karibu na bahari vina maji yenye chumvi. Ukionja maji ya kisima chenu ukahisi ukali wa chumvi, usiyatumie kuoshea chuma, maana utakuwa unarudisha kile unachojaribu kukiondoa. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, au tumia ya bomba.

Sasa tuje kwenye oili chafu. Nia ya jirani ni njema, ila ushauri si mzuri. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini imebeba masizi, chembe za chuma zilizosagika na mabaki ya asidi yatokanayo na mwako. Ukiipaka juu ya cheni yenye chumvi na mchanga, umeifungia chumvi ndani na umetengeneza uji unaosaga kama msasa. Zaidi ya hapo, oili inayomwagwa hovyo hurukia rimu ya nyuma, na hilo linahusiana moja kwa moja na swali lako la breki. Cheni haihitaji mafuta kwa nje. Inayahitaji ndani, kati ya kila pini na kigurudumu chake kidogo, kwa sababu huko ndiko chuma kinasuguana na chuma. Isafishe kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, ifute, iache ikauke vizuri, kisha dondoshea tone moja moja kwenye kila kiungo huku ukizungusha pedeli kinyumenyume. Subiri kama robo saa mafuta yaingie, halafu futa yote yaliyobaki nje mpaka cheni ikishikwa isiache weusi mwingi mkononi. Kwa masika tumia oili mpya ya injini iliyo nzito, kwa mfano SAE 40, kwa kuwa haiondolewi na maji kwa urahisi. Wakati wa vumbi la kaskazi mafuta ya cherehani yanafaa, mradi ukumbuke kuyaongeza mara kwa mara, kwani ni mepesi na huisha upesi.

Kabla ya kununua cheni ya tatu, pima hii uliyo nayo kwa futi kamba ya fundi cherehani. Katika cheni mpya, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikifika milimita 308, imekwisha na itaanza kula meno ya mbele na ya nyuma. Ikiwa bado haijafika hapo, na viungo vyake vinakunjika bila kukwama, kutu ya juujuu isikutishe. Isafishe na uendelee nayo.

Kuhusu breki, unachokieleza ni kweli na si kosa la marekebisho peke yake. Breki za fito huvuta raba mbili juu zikandamize uso wa ndani wa rimu, na rimu yako ni ya chuma kilichopakwa kromu. Kromu ni laini kama kioo. Ikiwa kavu raba inaishika vya kutosha, ikilowa utando wa maji hukaa katikati na msuguano hupungua mno. Alumini ikilowa nayo hupoteza nguvu, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Hata hivyo sikushauri ununue rimu za alumini kwa baiskeli hiyo. Rimu ya breki za fito ina umbo lake, lenye sehemu ya ndani iliyotengenezwa ili raba zipate pa kukandamiza, ilhali rimu za alumini zinazopatikana madukani zimeundwa kwa breki zinazobana ubavuni. Utalazimika kubadilisha rimu, breki, vishikio vyake na pengine spoku zote, na gharama hiyo itakaribia bei ya baiskeli nyingine. Kama siku moja utabadilisha baiskeli, tazama zile za mtumba kutoka Japani. Nyingi zina breki ya nyuma iliyofunikwa pembeni mwa kitovu, isiyotegemea rimu, na kwa kawaida huja na madigadi kamili.

Kwa sasa, anza na usafi. Osha rimu kwa sabuni ya unga na tambara mpaka maji yateleze bila kubaki na rangi ya mafuta. Nunua raba mpya, kwa sababu raba iliyokaa juani miaka mitatu huwa ngumu kama ukwato, kisha rekebisha fito ili kila raba ikae milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye rimu na pande zote mbili zishike kwa pamoja. Baada ya hapo kinachobaki ni uendeshaji. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa unapita zaidi ya mita 4 kila sekunde, na gurudumu lako huzunguka mara moja katika kila mita 2.2 hivi. Mvua inaponyesha, anza kugusa breki zote mbili kwa wepesi ukiwa bado mbali, uziache raba zipanguse maji kwa mizunguko minne au mitano, ndipo uzivute kwa nguvu. Atakayengoja mpaka bajaji isimame mbele yake ndipo avute breki, mizunguko hiyo ataimalizia kwenye bajaji. Na mwamvuli uuache nyumbani: breki mbili zinahitaji mikono miwili.

Mahali pa kuteleza nako pana mpangilio wake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni hatari kuliko ya tatu, kwa kuwa oili na vumbi vilivyorundikana barabarani huelea na kufanya utelezi kabla hazijaoshwa. Mistari ya rangi ya kivuko cha waenda kwa miguu, mifuniko ya chuma na mlango wa pantoni uliolowa, yote hayo yapite ukiwa umenyooka, bila kukata kona wala kuvuta breki. Kwenye mlango wa pantoni mimi hushuka nikasukuma, na sioni aibu yoyote.

Dimbwi ambalo huoni chini yake usiliingie, maana mtaro wazi haujitangazi. Ikiwa maji yamefika kwenye ekseli ya pedeli, ambayo iko takriban sentimita 30 kutoka ardhini, yahesabu kuwa yameingia kwenye gololi. Siku hiyohiyo chomoa kiti pamoja na nguzo yake, pindua baiskeli ili maji yaliyojaa ndani ya fremu yatoke, na katika wiki hiyo fungua vitovu na ekseli uweke grisi mpya.

Swali la tairi lina hesabu ndogo. Upepo uliofungiwa ndani ya tyubu huongezeka shinikizo kadiri joto linavyopanda, lakini si kwa kiasi ambacho watu wanadhani. Ukijaza psi 50 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) asubuhi kwenye nyuzi joto 27, na tairi ikapata joto la 60 juani, shinikizo litafika kama psi 57. Tairi nzima haipasuki kwa tofauti hiyo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba gundi ya kiraka cha zamani hulainika na kiraka huachia, au mpira wa ubavuni uliochakaa huachana na nyuzi zake na tyubu ikachungulia nje. Kagua hayo mawili kwanza, pamoja na ule ukanda unaofunika vichwa vya spoku ndani ya rimu. Upepo ujaze kulingana na kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukiendesha na tairi laini, kila shimo litabana tyubu dhidi ya rimu na kukuachia vidonda viwili sambamba, na utatumia nguvu nyingi zaidi kwa mwendo uleule. Egesha kivulini ukiweza.

Hukuuliza kuhusu nguo wala upepo, ila kwa kuwa unaingia ofisini nitasema kwa ufupi. Shati la kazi lisikae mwilini njiani: wakati wa kaskazi litalowa jasho, na wakati wa masika koti la mvua lisilopitisha hewa litakulowesha kutoka ndani kama mvua ingekulowesha kutoka nje. Likunje, ulifunge kwenye kipande cha turubai na ulikaze juu ya keria. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019, turubai limekuwa suluhisho la wengi, na hudumu zaidi. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi itakupiga usoni jioni ukirudi Mjimwema. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kushindana nao ni kupoteza nguvu. Punguza mwendo, inamisha mgongo, na ondoka dakika kumi mapema kama kuna mtu anayekusubiri nyumbani.

Mlio wa "tak" umeuweka mwisho, lakini ndio ningeushughulikia leo kabla ya hayo yote. Weka mikono ya pedeli sambamba na ardhi, shika breki, kisha kanyaga pedeli ya mbele kwa uzito wako. Zungusha nusu mzunguko ukanyage tena. Ukisikia mlio na kuhisi mkono unacheza kidogo kabla ya kushika, kota pini, yaani ile pini inayoufunga mkono wa pedeli kwenye ekseli, imelegea. Usijaribu kuiingiza kwa kukaza nati peke yake, kwa sababu utaharibu uzi wake. Egemeza mkono wa pedeli juu ya gogo gumu, gonga pini kwa nyundo mpaka ikae, ndipo ukaze nati. Ikiwa imeshaliwa kidonda ubavuni, nunua mpya, na uende dukani na ile ya zamani mkononi: kuna za milimita 9 na za 9.5, na kwa macho zinafanana kabisa.