Tebo imegoma kufutika, nizime ukaguzi?

SWALI: Shikamoo kaka, nimeachiwa mfumo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, unatumia MySQL 8 (programu ya databesi), jamaa aliyeutengeneza kaondoka kaacha tebo kibao ambazo sielewi hata za nini. Nataka kufuta moja inaitwa wateja_zamani ila nikiandika DROP TABLE inagoma, inatoa kosa namba 3730 eti tebo ya madeni inaitegemea. Rafiki yangu anasema niweke SET FOREIGN_KEY_CHECKS=0, yaani nizime ukaguzi wa foreni kii (kifungo kinachounganisha tebo moja na nyingine), halafu niifute tu. Nifanye hivyo? Na nikikosea si ntapiga ROLLBACK, amri ya kurudisha mambo nyuma?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na tafadhali usizime. Hilo kosa limekuokoa, maana linakwambia kila deni mle ndani limeandikwa namba ya mteja aliyeko kwenye hiyo tebo unayotaka kuitupa, ukizima ukaguzi MySQL itakubali kuifuta ila madeni yatabaki hayana mwenyewe, mwenye duka akiuliza nani anadaiwa utamjibu nini? Na ukiwasha tena ukaguzi, MySQL hairudi nyuma kukagua rekodi za zamani, utashtukia tu siku unaingiza deni jipya linagoma.

Kuhusu ROLLBACK, hapa ndo wengi wanaumia. Kwenye MySQL ukishapiga DROP TABLE inajikomiti yenyewe papo hapo, yaani badiliko linakuwa la kudumu, hata kama ulianza na START TRANSACTION (amri ya kufungua transakshini, kundi la amri unazoweza kuzifuta kabla hujazithibitisha), hakuna kurudi. TRUNCATE, amri ya kufuta rekodi zote kwa mkupuo, nayo ni hivyohivyo, inabakiza tebo tupu tu. DELETE, inayofuta rekodi, ndo unaweza kuirudisha, ila uwe ndani ya transakshini na tebo iwe ya InnoDB (aina ya hifadhi ya tebo ndani ya MySQL). Ukisikia mtu anasema mbona yeye alirudisha tebo nzima, muulize anatumia nini, maana programu nyingine za databesi ni tofauti, PostgreSQL inaruhusu kabisa ROLLBACK ya DROP na Oracle toka 10g ina pipa la taka lake. Pia hilo neno CASCADE watu wanaloongezea mwishoni, kwenye DROP TABLE ya MySQL linakubaliwa ila halifanyi kitu.

Mi ningefanya hivi. Kwanza chukua bakap ya databesi nzima kwa mysqldump (zana ya MySQL ya kutoa nakala), halafu irudishe kwenye databesi nyingine ya majaribio uone kweli inafunguka, bakap ambayo hujawahi kuifungua usiiamini. Kisha usifute, badilisha jina tu: RENAME TABLE wateja_zamani TO zz_wateja_zamani, foreni kii ya madeni itafuata jina jipya yenyewe, hakuna kinachopotea. Subiri hata mwezi mzima, upite na mwisho wa mwezi wanapotoa ripoti, kama kuna kona ya mfumo bado inaitafuta italalamika na wewe utarudisha jina kwa sekunde moja. Mi hii njia naipenda kuliko zote aisee.

Ukiona kimya, kaa na mwenye duka mpitie yale madeni, yaliyo hai yahamishiwe kwa wateja wa tebo mpya. Halafu andika SHOW CREATE TABLE madeni uone jina la kile kifungo cha foreni kii, kitoe kwa ALTER TABLE madeni DROP FOREIGN KEY na jina lake, ukiunganishe upya na tebo ya wateja wa sasa. Hapo sasa DROP TABLE itapita bila kuzima chochote. Ila kabla hujabonyeza enta andika SELECT DATABASE(), uhakikishe uko kwenye databesi unayodhani uko.