Riwaya ya marafiki wanaopikia shughuli: huyo mwizi wako anakuharibia

Mleta uzi, kwa nilivyokuelewa, unaandika riwaya ya marafiki watatu wanaofungua biashara ndogo ya kupikia watu kwenye shughuli. Mambo yanawanyookea, oda zinamiminika, halafu katikati ya kitabu mmoja anakwapua advansi ya mteja na kutokomea nayo. Umetuuliza tuliowahi kuifanya kazi hii kama kisa hicho kinaaminika, na kama mwishoni uwapatanishe.

Mimi niliifanya, pamoja na marafiki wawili niliosoma nao. Mmoja alikuwa mpishi hasa, mmoja alikuwa na gari na mdomo mtamu wa kuleta wateja, mimi nilishika daftari. Tulidumu miaka kadhaa, tukaachana, na tukikutana tunasalimiana vizuri tu. Kisa chako kitaaminika, maana watu wanaibiana kila siku. Ila unaweza kukihamishia kwenye duka la vipuri au saluni bila kugusa hata sentensi moja. Mwizi akishaingia, msomaji atamwinda yeye mpaka ukurasa wa mwisho, na mambo yote ya jikoni yatabaki kuwa mapambo.

Mimi ningekushauri uitazame saa ile shughuli inapokwisha. Wageni wanaondoka. Yule mwenye mdomo mtamu yuko mbele anapokea pongezi za mwenye shughuli na kugawa namba ya simu kwa watakaooa mwezi ujao. Mwenye daftari anahesabu vyombo vya kukodi, maana kijiko kikipotea kinalipwa. Nyuma kabisa kuna mtu amezama hadi bega ndani ya sufuria, anakwangua ukoko, na nguo zimemlowa. Kwetu alikuwa mpishi, karibu kila mara. Hatukuwahi kukaa tukasema yeye ndiye ataosha masufuria. Siku ya kwanza aliosha kwa sababu alijua namna ya kuyaosha bila kuyakwaruza. Siku ya pili akaosha kwa sababu siku ya kwanza aliosha. Baada ya hapo ikawa kazi yake, na sisi tukawa tunamsifia kwamba ana moyo.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini katika kazi hii anayesifiwa wala siye mgema. Sifa zinaishia mezani, kwa aliyevaa shati safi. Mpishi anazisikia kwa mbali akiwa na mwiko mkononi, na baadaye anasimuliwa kwamba "wametupenda." Hiyo "tu" ya kutupenda ina mengi ndani yake kuliko advansi yoyote utakayoiba, na huwezi kuipata kwenye saluni, ambako aliyesuka ndiye anayeonekana amesuka.

Kuna jambo la kisheria linaloweza kukusaidia hapa. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza zilikuja kuifuata kwa sura moja au nyingine, inasema katika kifungu cha 24 kwamba wabia wasipokubaliana vingine, faida wanagawana sawa kwa sawa, na hakuna mbia anayestahili ujira kwa kazi anayoifanyia biashara yao. Aliyekesha na moto na aliyefika wakati wa kupakua wanabeba fungu lilelile. Kifungu cha 5 nacho kinamfanya kila mbia kuwa wakala wa wenzake, kwa hiyo rafiki yako mchangamfu akimwitikia mtu "tutakuja" katikati ya muziki, katika mambo ya kawaida ya biashara yenu wote watatu mmeshakubali oda. Marafiki wanaoanza hawaandikiani chochote, kwa kuwa karatasi inaonekana kama dalili ya kutoaminiana. Basi sheria inawaandikia, na wanakuja kuisoma siku wameshagombana. Sijui kwa nini watunzi wengi hawaitumii hii. Ni mgogoro uliokwisha kupikwa, wewe ni kupakua tu.

Sasa jikoni kwenyewe. Asiyewahi kupikia watu mia mbili hudhani ni kupikia watu kumi mara ishirini. Sivyo, na ni hesabu rahisi: ukizidisha upana na kimo cha sufuria mara mbili, ujazo unakuwa mara nane, lakini mdomo unaongezeka mara nne tu. Mvuke haupati pa kutokea kama ulivyozoea nyumbani. Mchuzi unabaki mwepesi, unaongeza muda, na ukiongeza muda chini kunashika. Maji ya wali kwa kila kilo ya mchele yanabidi yapungue. Chumvi unaitia kidogo, unaonja, unaongeza, wala huzidishi kwa kikokotoo. Mpishi wetu alijua haya kwa mkono. Mimi niliyajua kwa daftari, na hapo ndipo tulipokuwa tunagongana: mimi nahesabu kilo mbichi, yeye anahesabu sahani. Mchele ukiiva unakaribia kuwa mara tatu ya uzito wake, nyama inapoteza kama robo. Mtu asiyeielewa hiyo robo, akiangalia nyama iliyonunuliwa na nyama iliyofika mezani, lazima aulize nyingine imekwenda wapi.

Umeona? Tayari kuna tuhuma, na hakuna aliyeiba kitu.

Nikupe nyingine ya namna hiyohiyo. Mtungi wa gesi ukifunguliwa sana kwa majiko makubwa, gesi inayogeuka kutoka kimiminika inaunyonya mtungi joto lake. Nje unatoa jasho, kisha unaganda utando wa barafu. Presha inashuka na moto unakuwa mnyonge ilhali gesi bado imo. Sasa fikiria ni alfajiri, nyama haijalainika, moto unafifia, na mwenye gari ndiye aliyepewa hela ya gesi. Atasema mtungi ulikuwa umejaa. Mpishi atauangalia moto. Hakuna atakayetamka neno la wizi, lakini lile swali "uliununua wapi huu?" likiulizwa kwa sauti fulani, halifutiki. Asubuhi jua linaupasha mtungi, moto unarudi, kila mtu anakaa kimya. Hiyo ni sura nzima ya kitabu na haina mhalifu.

Katika maelezo yako uligusia pia kwamba wageni wataugua, kisha ukaandika wanaanza kutapika wakiwa bado wanakula kuku. Hapo rekebisha, kwa sababu saa ndiyo inayoamua lawama iende kwa nani. Sumu ya bakteria wa stafilokokasi, ambao mara nyingi hutoka kwenye mikono au pua ya anayeandaa chakula, inaanza kati ya nusu saa na saa nane baada ya kula, na kupasha moto hakuiondoi. Wali uliokaa kwenye uvuguvugu huotesha bakteria wa basilasi ambao mbegu zao zilinusurika kwenye moto, na kutapika kwake huja ndani ya saa sita. Sufuria kubwa la nyama lililoachwa lipoe polepole huleta bakteria wengine, wa jamii ya klostridia, na hao huleta maumivu ya tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, mara nyingi bila kutapika. Bakteria wa salmonela wanaweza kuchelewa siku kadhaa. Kwa hiyo ukiwaambia wasomaji wageni waliugua saa ngapi, na vipi, umeshawaambia kosa lilitokea wapi, hata kama wahusika wako hawajui.

Na raha yake kwa mtunzi ni kwamba kosa lenyewe haliwi la mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na kisiachwe nje zaidi ya saa mbili. Saa hizo mbili zinaliwa na nani? Mpishi aliwahi kuivisha kwa sababu aliambiwa gari litafika mapema. Gari likachelewa kwa sababu mwenye gari alipitia kwa mteja mpya. Mwenye daftari alikataa kununua makasha ya kutunzia joto, akasema mwezi ujao. Kila mmoja ana sababu nzuri. Halafu simu zinaanza kuingia usiku, na wanakaa watatu mezani kila mtu akihesabu saa kwa vidole kimoyomoyo. Kwetu sisi halikutufika hilo, ila tulilikaribia kiasi kwamba naweza kukwambia ukimya wa meza ile ulivyo.

Kuhusu hela nitapita haraka, maana humu wapo wahasibu watakaokueleza vizuri zaidi. Advansi si faida. Ni nyama, mchele na gesi za mteja ambazo hazijanunuliwa. Biashara ikichanganya, advansi ya shughuli ijayo inalipa deni la shughuli iliyopita, na mnaendelea hivyo mnajiona matajiri. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hata yenye daftari inaweza kupotea na habari zake zote zikiwa zimeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu. Kama unamtaka sana mwizi wako, mfanye mtu aliyechukua hela ya shughuli ya Jumamosi kulipia shughuli ya Ijumaa kwa nia njema kabisa, mara ya tano, na safari hii mteja wa Jumamosi akaahirisha na kudai hela yake.

Mgogoro mwingine usiousahau ni chakula kinachobaki. Kinachobaki ni cha nani? Mwenye shughuli atasema kimelipiwa. Wapakuaji wanategemea kwenda nacho nyumbani, na baadhi wamekubali ujira mdogo kwa ajili hiyo. Mmoja wa wabia ana watoto wanne, mwingine anaishi peke yake. Yule wa watoto wanne anajaza vyombo, kila shughuli, mbele ya watu wote, wala hafichi. Yule wa peke yake hachukui kitu na anajivunia kutochukua. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa huyo wa pili, na kujivunia kwangu kuliwaudhi wenzangu kuliko vyombo vya mwenzetu. Ukipata mhusika mwadilifu kupita kiasi, mpe nafasi. Anavunja mambo taratibu na hakuna anayeweza kumshtaki.

Mazungumzo yao uyapunguze maneno. Katika sehemu uliyotuwekea, watu wanaelezana hisia zao ndefundefu huku wakikata vitunguu. Watu wanaoandaa chakula cha saa saba mchana kuanzia usiku wa manane hawaongei hivyo. Wanaongea kwa vitu: lete, sogeza, onja, bado, funika. Ugomvi wao unajulikana kwa neno "tafadhali" linapoingia ghafla mahali ambapo halikuwepo. Mpishi wetu alipoanza kuniambia "tafadhali naomba hilo beseni," nilijua kuna kitu. Zamani angesema "beseni!"

Na waache wafurahi pia, kwa kweli. Rasimu yako imewafanya watu wenye mashaka tangu mwanzo, wakati miezi ya mwanzo ya kazi hii ni ya kucheka mno. Mnalala juu ya magunia, mnakula mkiwa mmesimama, mnajiita wakurugenzi. Mteja wa kwanza asiye ndugu wala jirani akilipa yote bila kupunguza hata kidogo, mnamwangalia kama kwamba amekosea. Msomaji asipoionja furaha hiyo, hatajali watakapoachana.

Kuwapatanisha au kutowapatanisha ni uamuzi wako, lakini usiwaite kwenye kikao cha kusameheana. Sisi hatukuwa na kikao. Tulikutana kugawana vitu, na vitu vya jikoni havigawanyiki kwa tatu. Gari lilikuwa la mwenyewe tangu mwanzo. Masufuria makubwa alichukua mpishi, na hakuna aliyebisha. Mimi nilibaki na daftari lenye majina ya wateja, na mwenye gari akabaki na laini ya simu ya biashara, kwa kuwa iliandikishwa kwa jina lake. Wateja wakawa wanampigia yeye kuuliza chakula cha mpishi, naye kwa muda akawa anawaitikia na kuwatafutia wapishi wengine, kwa jina letu lilelile. Mpishi alikuja kujua kwa mteja aliyemlalamikia kuhusu wali ambao hakuupika yeye.

Ilikuwa wizi ule? Tuliwahi kulijadili, na kila mtu ana jibu lake mpaka leo. Kwenye rasimu yako umeandika simu ya biashara iko kwa yule mwizi wa advansi. Mwondolee advansi, mwachie simu, halafu uone sura zitakazofuata zinakwenda wapi.