Proclivity: neno lililomfanya kijana wa watu aonekane mwizi

Msimu wa korosho ukikaribia, steshenari yetu hapa Mtwara hujaa vijana wanaotaka barua za kuomba ukarani wa ghala. Wengi wanataka za Kiswahili, na hizo hazina shida. Mwaka mmoja akaja kijana anayetaka ya Kiingereza, "tena kile kizito, kaka". Nikajitutumua. Siku chache nyuma nilikuwa nimeokota neno proclivity gazetini, kamusi ndogo ikaniambia ni mwelekeo wa mtu, basi nikalipachika: ana proclivity ya kushika fedha na mali za ghala.

Aliporudi hakuwa anacheka. Aliyemsaili alimsomea sentensi ile mara mbili, kisha akamuuliza amekuja kuomba kazi au kutubu.

"Umeniandika mwizi, kaka."

Nilimrudishia hela yake, na usiku ule nikalala na kamusi.

Neno hili linatoka kwenye Kilatini clivus, yaani mteremko. Roma ya kale barabara ya kupandia kilima cha Capitolium iliitwa Clivus Capitolinus. Ile pro ya mwanzoni ni mbele. Kwa hiyo mwenye proclivity amesimama penye mteremko na mwili umeshatangulia. Nilielewa haraka, maana nimekulia Newala, juu kabisa, na maji tulikuwa tunayafuata bondeni. Unashuka na ndoo tupu, miguu inakwenda yenyewe. Ukitaka kusimama, vidole vinachimba mchanga lakini kiwiliwili kinakupita. Kurudi na ndoo imejaa kichwani, hakuna anayekimbia. Proclivity ni ile safari ya ndoo tupu. Ndiyo maana Waingereza hulitumia zaidi kwa mambo ambayo mtu huyaporomokea: uongo, ulevi, ugomvi.

(Mzizi wake wa mbali zaidi ni kuegemea, na huko linakutana na kliniki, ambayo imeanzia kwenye neno la Kigiriki la kitanda. Mama anayempeleka mtoto kliniki na mlevi wa kilabuni, maneno yao ni ya ukoo mmoja.)

Ndugu zake wa maana, maneno ya Kiingereza yanayokaribiana nalo, nao wana picha zao. Propensity ni kitu kinachoning'inia kikivutwa mbele na uzito wake. Nalo mara nyingi hukaa na mabaya, ingawa Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, mwaka 1776 alilitumia bila lawama kwa tabia ya binadamu ya kubadilishana vitu. Penchant ni la Kifaransa, kuinama, na linafaa kwa vitu vya kupenda tu, kama mtu na viatu vya bei. Bent ni kupinda. Hilo halina ubaya ukilisema kwa mtu anayeelekea kwenye useremala.

Kamusi itakupa maana, lakini haitakuonyesha neno linatembea na nani. Kwa hiyo siku hizi nikikutana na neno jipya la Kiingereza natafuta sentensi kama kumi za wenyewe, naangalia kinachofuata baada yake. Kiswahili chetu kinafanya hivyohivyo bila sisi kushtuka. Mwambie mtu amalizie "Fulani ana tabia ya..." Utasikia kuchelewa, kukopa asilipe, kusema watu. Sasa mpe "Fulani ana kipaji cha..." Hakuna atakayesema kipaji cha kuiba, labda kwa utani. Neno lako la Kiingereza likikaa upande wa tabia ya, usiliweke kwenye barua ya kazi. Andika tu kwamba umezoea kazi ya ghala na hesabu zako hazipotei.

Msimu uliofuata kijana alirudi. Nilimwandikia barua fupi, maneno mepesi. Hakuiweka kwenye bahasha. Alikaa kwenye benchi, akashuka nayo mstari kwa mstari kwa kidole, na kila akifika kwenye neno refu ananyanyua uso:

"Na hili nalo, kaka, linateremkia wapi?"